Shajara ya mradi: kusikiliza na sarufi ya Kiingereza, miezi minne kuelekea mtihani

6 Januari: pa kuanzia

Naanza kuandika hii ili mwenye safari kama yangu afuate au achukue kinachomfaa. Nimetafuta sana mtu aliyeandika alipokosea nikakosa, wote wanaandika walivyofaulu tu, na kufaulu kwa mtu hakunionyeshi nianzie wapi.

Mtihani wangu ni IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, nimejipa miezi minne. Lengo ni alama 7 kwenye kusikiliza, yani kwenye maswali 40 nipate kama 30. Leo nimekaa na karatasi nzima ya mazoezi bila kusimamisha odio, nimepata 21. Alama 6 inahitaji kama 23 kwahiyo hata hapo sijafika.

Kwa asiyeijua hiyo sehemu: vipande vinne, kila kimoja maswali kumi, nusu saa hivi, na odio inapigwa mara moja tu, ikipita imepita. Cha kwanza watu wawili wanaongea mambo ya kawaida kama kukodi nyumba, cha pili mtu mmoja anatoa maelezo, cha tatu wanafunzi wanajadili kazi yao, cha nne ni mhadhara. Ukikosea spelling umekosa, ukiambiwa usizidishe maneno mawili ukaandika matatu umekosa.

Sarufi je? IELTS haina karatasi ya sarufi peke yake, ila kwenye kuandika na kuongea ni kigezo kimoja kati ya vinne, robo nzima ya alama. Kwahiyo upande huo nimechukua mazoezi ya Cambridge B2 First, mtihani mwingine wa Kiingereza, ile sehemu ya Use of English, maana mengi yake yanakubana huwezi kukisia. Mpango wangu: alfajiri sarufi dakika 45, usiku kusikiliza dakika 45. Madaftari mawili, kila kitu na lake.

19 Januari: wiki mbili, karatasi sita zimeungua

Nimefanya karatasi nzima za kusikiliza, nyingine sita baada ya ile ya kwanza. Matokeo: 21, 22, 20, 23, 22, 22. Nilikuwa nafanya, naangalia majibu, naumia, nalala. Leo ndo nimekaa nikajiuliza kati ya karatasi moja na nyingine nimejifunza nini hasa, nikakosa jibu. Nilikuwa najipima kila baada ya siku mbili bila kubadilisha chochote katikati.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu karatasi nzuri za mazoezi hazipatikani bila kikomo na ukishaisikia moja majibu yanabaki kichwani, ukirudia unajidanganya. Zimebaki tano. Nimezitenga kwenye folda nisiziguse, zitatoka moja moja kila baada ya wiki kadhaa.

Vingine viwili nilivyojaribu wiki hizi vikashindwa, navitaja haraka. Kuangalia filamu zenye maandishi chini: siku ya tatu nikabandika kipande cha karatasi pale chini ya skrini, nikagundua nimebaki na kama theluthi ya nilichodhani naelewa. Kumbe nilikuwa nasoma. Cha pili ni kupunguza spidi ya odio hadi 0.75. Unaelewa vizuri kweli, raha tupu, afu ukirudisha spidi ya kawaida uko palepale, maana kwenye spidi ndogo yale maneno yanayomezwa yanavutwa yanasikika na kwenye mtihani hakuna wa kukuvutia.

27 Januari: imla

Nimekumbuka imla ya shule ya msingi. Nimechukua klipu kutoka BBC Learning English, wana odio na maandishi yake pamoja, nikakata sekunde 60 tu, nikaanza kuandika kila neno. Kila neno, sio maana. Narudisha nyuma, naandika, narudisha, naandika. Imenichukua dakika 55, sekunde sitini hizo.

Afu nikafungua maandishi nikasahihisha kwa kalamu nyekundu. Maneno kama 160, makosa 41. Na kati ya hayo 41, maneno ambayo sikuyajua kabisa yalikuwa matano. Matano! Miaka yote nasema shida yangu ni misamiati, nakariri maneno magumu, kumbe yaliyonipita yalikuwa "of", "to", "have", "been", "at", s ya mwisho, ed ya mwisho. Maneno ya darasa la kwanza.

Nataka muone sentensi moja kwa karibu. Mtu alisema "We should've booked it earlier." Mimi nimeandika "We should book it earlier." Nimeirudia mara tisa na mara zote tisa nimesikia hivyohivyo. Sasa angalia maana ilivyogeuka: yeye anajuta kwamba hawakuweka nafasi mapema, imeshapita, mimi nimemsikia anapanga kuweka. Swali likiuliza anajisikiaje nakosa kwa uhakika kabisa huku nikijiamini.

Kilichotokea ni hiki. Kiswahili chetu tunaitamka kila irabu wazi, na silabi karibu zote zinaishia na irabu, kwahiyo sikio limezoea kila neno lipewe haki yake. Kiingereza kinabeba maneno mazito kwa nguvu, vidogo vinamezwa na kubaki na ile irabu hafifu ambayo kwenye a, e, i, o, u zetu haimo. "Should've" inabaki kama "shudav", tena ile v inakaribia kuzama, na "booked it" inatoka "buktit" kama neno moja.

Lakini kuna la zaidi, na ndilo lililonibadilishia mradi mzima. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimefanya zoezi la "should have" kwenye daftari la sarufi nikapata 18 kati ya 20. Naijua kwa macho, kwa sikio siijui. Ningekuwa naimiliki hata masikioni, ile v kidogo ingetosha kuniamsha. Kwahiyo madaftari mawili yamekufa leo, limebaki moja lenye safu nne: tarehe, alichosema, nilichoandika, aina ya kosa. Sarufi ya asubuhi inatoka kwenye makosa ya imla ya usiku, sifuati tena mpangilio wa kitabu.

9 Februari: makosa yamepangwa

Imla 12 zimekwisha, makosa jumla 352. Nimeyagawa: vitenzi visaidizi na vihusishi vilivyomezwa 148, s na ed za mwisho 91, "the" na "a" 63, maneno nisiyoyajua 26, sauti zinazofanana kama "ship" na "sheep" 24. Hayo ya mwisho ndiyo watu wengi wanahangaika nayo kwa mazoezi marefu, kwangu yamekuwa madogo kuliko yote. Wewe pima yako kwanza kabla ya kuiga yangu.

Kundi la kwanza nimelichimba. Kosa lililorudi mara nyingi ni hii 'd. Sentensi kwenye klipu: "If I'd known, I'd have come." Mimi: "If I know, I have come." Nikaenda kwenye sarufi nikakuta na huko nakosea lakini kwa namna nyingine, naandika "If I would know, I would come", na hapo ndo nikaona inatoka wapi. Sisi tunasema ningejua ningekuja, -nge- huku na -nge- kule, pande zote mbili. Kichwa kinapeleka "would" pande zote mbili vilevile. Kiingereza hakifanyi hivyo, upande wa "if" kinarudisha kitenzi nyuma hatua moja, "would" inakaa upande wa pili peke yake.

Na ile 'd ni sauti moja yenye kazi mbili. Nimejiwekea njia ya kuitambua: kinachofuata kikiwa "known", "gone", "seen" ni "had", kikiwa kitenzi kitupu kama "go" au "see" ni "would". Isipokuwa "I'd better go", hiyo ni "had" japo kinafuata kitenzi kitupu, imenigharimu siku mbili kujua kwanini inavunja kanuni yangu, nimeikariri kama ilivyo nikaendelea.

Tiba iliyofanya kazi ni kusema. Sentensi 20 kwa siku, kwa spidi ya wasemaji wa klipu, nameza wanapomeza, najirekodi kwenye simu afu nasikiliza yangu na yao. Mdomo ukishaweza kulimeza neno sikio linaanza kulipata likimezwa na mwingine. Sikulitegemea hilo.

Nyingine kutoka kundi hilo: -me-. Sisi tunasema nimemuona jana na hakuna anayeshtuka. Kiingereza "I've seen him yesterday" haikubaliki, ukitaja wakati uliokwisha lazima "I saw". Na kwenye kusikiliza inaleta swali kabisa, "I've lived here for ten years" bado yupo, "I lived here for ten years" kashahama. Tofauti nzima iko kwenye 've.

24 Februari: herufi, saa na namba

Nimetoa karatasi ya kwanza kwenye folda: 23. Imepanda kidogo sana kwa kazi niliyofanya, nimesononeka. Ila nilipoangalia makosa, manne yako kipande cha kwanza, kile ambacho kila mtu anakiita rahisi, na mimi ndo nilikuwa sikifanyii mazoezi kabisa.

La kwanza herufi. Mtu anataja jina la mtaa herufi kwa herufi na mimi nikisikia E yao naandika I, kwasababu E ya Kiingereza inatamkwa kama i yetu, na I yao ni "ai", na A yao ni "ei" ambayo mimi naandika E. Afu G na J. Nimemuomba mwenzangu wa mazoezi anitajie majina kwa simu jioni, majina thelathini ya kubuni. Kwenye lile la kumi hivi nikamwambia dada rudia hiyo ya tatu, akarudia, nikaandika I. Akasema "kaka, hiyo E. Mara ya sita sasa." Tumeifanya siku nane mfululizo dakika kumi kumi. Siku ya nane nimekosa herufi mbili kwenye majina yote thelathini.

La pili saa. Swali linataka muda wa kuanza ziara, mtu anasema "half past seven", mimi nimeandika 1:30. Kichwa kilitafsiri saa moja na nusu haraka bila kuniuliza, mkono ukaandika. Kosa hili wanaofundisha kutoka lugha nyingine hawawezi kukuonya maana kwao halipo. Nilichofanya: kila ninapoangalia saa kwenye simu naitaja kwa Kiingereza kwa sauti kabla sijaifikiria kwa Kiswahili. Wiki moja na nusu tafsiri imeacha kujitokeza.

La tatu "thirteen" na "thirty". Niliambiwa sikiliza mkazo, "thirteen" unakaa mwisho, "thirty" mwanzo. Ni kweli likisemwa peke yake. Ila likitangulia nomino, "thirteen students", mkazo unasogea mbele na wewe unadanganyika. Sikiliza n ya mwisho.

11 Machi: mitego ina sarufi yake

Karatasi ya pili ya folda: 25. Sasa makosa yamehamia kipande cha tatu, yale ya kuchagua A, B au C. Nimesoma maandishi ya odio mstari kwa mstari na kitu kimeonekana wazi: wanataja vyote vitatu. Kuvisikia vyote hakukusaidii, kinachokuambia kipi kimekataliwa ni sarufi.

"I was going to interview teachers" maana yake hakuwahoji. "We were supposed to finish on Friday", hawakumaliza Ijumaa. "I used to prefer", hapendelei tena. "It would've been cheaper", haikufanyika. Mimi nilikuwa nasikia "interview teachers" nafurahi natia alama, maana "was going to" inatoka "wozgana" na ilikuwa inanipita kama upepo. Nimetengeneza orodha ya misemo 14 ya namna hii na kila klipu mpya naisikilizia hiyo tu, mkono juu nikisikia mmojawapo.

Na kuna ndiyo na hapana. "So you haven't sent the form?" Jibu: "No, not yet." Kwetu mtu akiulizwa kwahiyo hujatuma, anajibu ndiyo, sijatuma, anakubaliana na swali. Kiingereza jibu linafuata ukweli wa tendo, halijatendeka ni "no". Nilisikia "no" nikaelewa anakanusha, yani katuma. Nimefanya sentensi za hivi kama sitini na bado nikichoka inanirudia.

Kosa la tatu la siku hiyo halikuwa la lugha. Swali la 23 lilinipita, nikaling'ang'ania, nikalifikiria, nilipoinua kichwa 24 na 25 nazo zimeondoka. Alama tatu kwa ajili ya moja. Sasa nafanya hivi: likinipita naweka kistari, jicho linaenda swali linalofuata hapohapo. Nimelifanyia zoezi kwa makusudi, naruka swali moja kila kipande hata kama jibu nalijua, ili mwili uzoee kuachia.

29 Machi: nimerudi nyuma

Karatasi ya tatu: 24. Imeniuma kwakweli.

Sababu mbili. Ya kwanza, nilitumia spika badala ya hedifoni, kwa mara ya kwanza. Miezi yote nimefanya na hedifoni na v na d ndogo zinasikika zimekaa ndani ya sikio, kwenye spika chumba kinazila. Vyumba vingine vya mtihani wanatumia hedifoni, vingine spika, ulizia mapema. Mimi kuanzia leo nachanganya, imla moja hivi moja vile.

Ya pili, majibu matano niliyasikia sawa nikayaandika vibaya. "Accomodation" kwa m moja, inataka c mbili na m mbili. "Enviroment" bila n ya katikati. Na matatu yalikosa s ya wingi. Hizi s zimenirudisha kwenye sarufi tena, maana ukiisoma sentensi kabla odio haijaanza unaweza kujua. Kabla ya nafasi kuna "several" au "two", ni wingi. Hakuna "a" wala "the" na neno linahesabika, mara nyingi ni wingi. Kuna "an", neno linaanza na sauti ya irabu. Hapa ndipo zile nafasi wazi za Use of English, neno moja kila nafasi, zimenilipa: zimenizoesha kuangalia kushoto na kulia kwa nafasi. Sasa zile sekunde za kusoma maswali naandika pembeni ya kila nafasi: nomino, wingi, namba, kivumishi. Odio ikianza sitafuti tena maneno elfu, natafuta aina moja.

Spelling ya Uingereza au Marekani zote zinakubaliwa, hilo lisikutoe jasho.

18 Aprili: karatasi mbili za mwisho

Ya nne 29, ya tano 31. Ya tano nimeifanya kwa spika.

Gharama mpaka hapa, kwa anayetaka kupanga: imla 58, zilianza dakika 55 moja sasa ni 20 hivi, jumla kama saa 30. Sarufi saa 45 hivi. Kujirekodi sikuhesabu, labda robo saa kwa siku. Madaftari matatu. Karatasi 12, na sita kati ya hizo zilienda bure mwezi Januari, ningeanza upya ningefanya moja tu mwanzo.

Ambacho hakijapona ni "the". Nimejaribu kanuni, majedwali, kadi za kukariri, na kwenye kuandika bado naacha au naongeza. Kidogo kilichosaidia ni kurudia aya yangu niliyoandika, nazungushia kila nomino, naiuliza: msikilizaji anajua ni ipi? Anajua, "the". Hajui na ni moja, "a". Inachelewesha, aya moja dakika sita, kwenye mtihani nimetenga dakika nne za mwisho kwa hilo tu.

3 Mei: baada ya mtihani

Nilifanya kwenye kompyuta. Huko ukimaliza kusikiliza unapewa dakika 2 za kukagua, sio zile 10 za kuhamishia majibu za mtihani wa karatasi, kwahiyo zoea kuandika jibu safi moja kwa moja. Dakika hizo mbili nimezitumia kuangalia s tu.

Kusikiliza 7.0. Kuandika 6.0, nilitaka 6.5.

Jana usiku nimefungua ile klipu ya 27 Januari, sekunde zilezile sitini, sikuwa nimeigusa tangu siku ile. Dakika 14. Makosa tisa, sita kati yake ni "the" na "a". Na pale kwenye mstari wa nne nimeandika "should've booked" kwa kuisikia mara moja, nikarudisha nyuma kuhakikisha, ile v ipo.